Hewa Baridi Katika Lori la Mama Apollinarie

Jumatatu, 4 Septemba 2000

Habari njema! Dereva wa Mama Apollinarie amekimbilia Bujumbura. Aliogopa risasi. Mimi siogopi risasi, ila zikiwa karibu. Mama huyu ana lori moja tu, na ndilo linalomletea mpunga wa kuuza kutoka Luvungi hadi hapa Uvira. Amesema Ijumaa ataamua nani atashika usukani: mimi Cyprien au Bonaventure. Bonaventure! Mtu anayefuta vioo vya gari kwa mate! Dada yangu Josée, ambaye nalala kwake, amesema nisipopata kazi hiyo nitafute pengine pa kulala. Amesema hayo huku akinipakulia ugali kidogo. Nimeumia.

Jumanne, 5 Septemba

Nimepata mpango. Lori hili zamani lilikuwa la Wazungu wa mradi wa maji, na lina klimatizeri ya kupoza kabini. Lakini feni yake haipulizi. Hata kukohoa haikohoi. Ukifika Luvungi umeshaiva. Nikamwambia Mama nitaitengeneza. Akasema niache, joto halijaua mtu, nisiguse kitu. Maskini, hajui raha. Nitaitengeneza kwa siri, nimwonjeshe Ijumaa.

Alhamisi, 7 Septemba

Mama kaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nikaingia chini ya dashibodi. Kwanza fizibo, kile kipande kidogo kinachoungua ili waya usiungue. Haikuungua. Haipo! Bonaventure ameiiba, nani mwingine? Mahali pake nikaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kimya. Nikafungua mota: majani, maganda ya karanga na panya mwenyewe, aliyeondoka bila haraka. Kumbe alishatafuna nyaya. Fundi wa kawaida angetafuta palipokatika. Mimi nikavuta waya mpya, moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye mota. Nikawasha injini. Ikanguruma! Hewa baridi ikanipiga usoni, nikafumba macho. Tatizo ni kuizima, maana swichi haina kauli tena. Nikachomoa waya kwenye betri. Mambo madogo.

Ijumaa, 8 Septemba

Safari ya majaribio. Mimi usukani, Mama katikati, Bonaventure mlangoni. Nilitaka Mama aonje pale tunapochemka zaidi, yaani kwenye foleni ya bariyeri, pale askari wanapofunga njia. Nikashuka kama naangalia tairi, nikachomeka waya kwenye betri, nikapanda tena. Upepo! Hata Bonaventure alishusha pumzi. Mama akanishika mkono kwa nguvu. "Weye Cyprien, zima! Zima hiyo kitu mbio!"

Kutoka ndani haikuzimika. Kamanda wa bariyeri akaja dirishani kuona karatasi zetu, baridi ikampiga usoni. Naye akafumba macho. Akauliza kama gari hii iko na klimatizeri. Nikajibu kabla ya wengine, kwa fahari, kwamba iko, na fundi ni mimi. Akasema tushuke, jeshi linaihitaji.

Tumerudi kwa miguu. Njiani Mama alifungua pindo la kitenge chake akanionyesha fizibo. Aliitoa mwenyewe! Kumbe wenye malori wote wa barabara hii hutoa kitu ili wakubwa wa jeshi wasitamani gari: huyu anang'oa kiti, yule anavunja kioo. Yeye alitoa upepo. "Minye nilikuambia usiguse," akasema, basi. Bonaventure alijua siku zote. Mimi siambiwi kitu!

Jumapili, 10 Septemba

Mama amelia kanisani. Mpunga wake umebaki Luvungi, na askari nao wana njaa. Bila lori hana biashara, na ana wajukuu sita mezani. Nimeona aibu, nikakaa nyuma ya nguzo. Baada ya mahubiri nikafikiri vizuri, nikaona kosa ni la kamanda.

Jumanne, 12 Septemba

Lori limepatikana! Askari walilipeleka Makobola wakalala. Feni haikulala. Ilipuliza mpaka betri ikafa. Asubuhi wakasukuma, wakatukana, wakaliacha, wakachukua gari la mtu mwingine. Mama alikwenda na Bonaventure na betri ya kuazima. Bonaventure akachomoa waya wangu, basi, hiyo ndiyo kazi yote aliyofanya! Wamelificha nyuma ya kanisa, kwenye migomba. Mama amemshukuru Mungu, halafu Bonaventure. Mimi niliyeshinda jeshi kwa waya mmoja sikutajwa. Usukani amepewa Bonaventure.

Alhamisi, 14 Septemba

Josée ametoa mkeka wangu nje. Nikaenda sokoni kutuliza roho, nikakutana na nani? Kamanda, jasho likimtiririka. Alikuwa anawaambia watu, mbele ya Bonaventure aliyekuwa akinunua sabuni, kwamba lile lori lilitengenezwa na mjinga. Mjinga! Mimi! Bonaventure akanikonyeza ninyamaze. Wivu tu. Nikamweleza kamanda kwamba lori ni zima kabisa, lilikosa betri tu, na nikiongeza swichi ndogo atasafiri na baridi yake hadi Fizi. Akaniuliza, kwa adabu sana, liko wapi sasa.

Njia ya kule nyuma ya kanisa inachanganya mgeni, kwa hiyo nilimsindikiza mwenyewe. Mama alikuwepo, anapakia magunia matupu kwa safari ya Luvungi. Alipotuona alikaa chini. Safari hii nina hakika ameelewa fundi ni nani.