Mwanangu Amejua Kesho Ni Lini

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Chekechea.

YAH: KUMFUNDISHA MTOTO WANGU KUPITA KIASI

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Pokea salamu zangu. Nyumbani sote wazima, isipokuwa biashara yangu, iliyoshikwa na homa tangu mlipompokea kitindamimba wangu.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko nyuma ya shule yenu. Nilimleta binti yangu acheze, aimbe, asinzie kidogo, arudi. Elimu sikuiomba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hesabu. Akitoka shule anasimama mbele ya rafu na kuhesabu kwa sauti vitambaa ambavyo sijavigusa, wateja wakisikiliza. Kisha anahesabu nguo zilizokwisha. Hapo hachukui muda.

2. Rangi. Zamani uzi wa zambarau ukiniishia, mimi na mteja tulielewana kwamba bluu nayo inafaa. Mama muuza maua alishalivaa gauni lake, anajizungusha mbele ya kioo, roho kwatu. Mtoto akamwambia, mama, pindo lako ni bluu. Gauni limerudi mezani.

3. Vipimo. Suruali ya karani wa posta ilitoka mguu mmoja mrefu. Nilimweleza kwa upole kwamba kasoro iko kwenye miguu yake, na alishaanza kukubali, maskini, hata akachechemea kidogo kwa heshima yangu. Binti yangu akaitandaza suruali sakafuni akaimba kirefu, kifupi, kirefu, kifupi, kama mnavyowaimbisha. Karani akapona papo hapo.

4. Siku za wiki. Jamani, hapa mmeniua! Kumnyima fundi neno kesho ni sawa na kumnyang'anya mkasi. Mteja anajua, nami najua, tunastahiana. Sasa amekuja bibi harusi, harusi yake Jumamosi, nikamwambia tena aje kesho. Mtoto akauliza kesho ipi, maana ile ya Jumatatu ilishakuwa jana. Bibi harusi akataka kuliona gauni. Mtoto, kwa ule utiifu mliomtia, akakimbia kulileta: kitambaa kitupu, bado kimefungwa kamba ya dukani. Bibi harusi akaangua kilio. Shangazi yake hakulia. Alivuta kiti akakaa, na hadi naandika barua hii bado amekaa, ananitazama.

5. Adabu. Mtoto akanishika mkono, akaniamuru nimwangalie bibi harusi machoni na kumwomba msamaha, kama mnavyofanya watoto wakigombana. Nikaomba. Wateja wa nje wakasikia kuna msamaha unatolewa, binti yangu akawapanga foleni, wafupi mbele. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nimeomba radhi mtaa mzima, na mzee mmoja aliyekuwa anapita tu akapanga foleni mara mbili.

Kwa hiyo naomba mfundisheni kusahau. Nyimbo abaki nazo, ila ule wa siku za wiki uishie Jumanne. Rangi zirudi kuwa tatu. Mkishindwa, nitamwachisha shule Jumatatu ijayo, na safari hii Jumatatu ni Jumatatu kweli.

Nisalimieni walimu wote, mpishi, mlinzi wa geti na yule dada mvumilivu anayewafunga watoto kamba za viatu.

Wenu katika uzi na sindano,
Fundi.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha: gauni limekwisha, na leo ni Ijumaa. Shangazi amelikagua nje ndani, ameondoka anacheka. Tangu nianze ufundi sijawahi kumaliza kazi kabla ya siku yake. Binti yangu ametoa nyota ya karatasi mliyomtuza kwenye mfuko wa sare, amenibandika kwenye paji la uso na kunipigia makofi. Wateja wameingia na kutoka, sijaibandua. Tafadhali msimtoe darasani, na msimfute kitu hata kimoja. Nauliza tu, Mwalimu: mtu akishapata nyota ngapi ndipo anapanda darasa?