Mstari wa Mbele Mbumbuni

Harambee ya kujenga darasa ilikuwa haijafunguliwa hata kwa sala, na tayari Mzee Kivuva alikuwa amelikalia kochi la katikati mstari wa mbele tangu kulipopambazuka. Alifika kabla ya wageni, kabla ya mbuzi wa mnada, kabla hata ya vile vitambaa vya kufumwa kutandazwa mgongoni mwa makochi. Chai ilipita, hakunywa. Alikuwa na duka kubwa na kinu cha kusaga mahindi hapo Mbumbuni, na watu wenye vinu hawakai nyuma. Ila shida yake ilikuwa imesimama kando, imevaa kofia safi na kushika bakora: Hersi, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyekuwa akingoja tu Kivuva abanwe na mkojo.

"Mzee Kivuva," Hersi akasema kwa upole mwingi, "chai ya leo ni tamu sana. Nikuletee kikombe?"

"Asante, Hersi. Sina kiu."

"Basi maji kidogo. Jua ni kali."

"Maji nilikunywa jana."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa Jonah Ndeti, aliyekuwa ameegemea ukuta wa choo huko nyuma kabisa. Jonah alikuwa amekuja Mbumbuni kuuza dawa ya kuotesha nywele, kazi ngumu kidogo kwa mtu mwenye upara. Mwingine yeyote pale angeona wazee wawili wanaoaibisha wake zao. Jonah aliona wazee wawili walio tayari kulipa.

Jioni hiyo alimwendea Kaluki, mshirika wake, aliyekuwa akizichana nywele zake ndefu. Nywele hizo ndizo zilizokuwa ushahidi wa dawa. Alizaliwa nazo, lakini wateja hawakuuliza.

"Tunaachana na nywele," Jonah akamwambia. "Tunajenga jumba la sanaa za maonyesho. Kwaya, ngoma, maigizo. Kumbi kadhaa chini ya paa moja, kama huko Nairobi."

"Tunajenga? Sisi?"

"Tunapanga, Kaluki. Anayejenga anashika chepe. Anayepanga anavaa tai. Na hatuuzi jumba, tunauza mstari wa mbele."

Kaluki akaweka kitana chini. "Halafu?"

"Halafu Makindu. Nimeona duka pale, barabarani kabisa, lina veranda. Nitaweka kiti changu mbele. Kila anayeenda Mombasa atapita akisema, habari ya asubuhi, mzee."

Kaluki aliijua hadithi ya kiti hicho, maana alikwisha kusimuliwa. Siku ya mazishi ya baba yake, Jonah, kifungua mimba, alikuwa ameketi mbele kando ya jeneza. Wageni wa maana wakaanza kufika. Akaombwa asogee kidogo, ampishe mwalimu mkuu. Akasogea. Akaombwa ampishe naibu wa chifu. Akasogea. Akapisha na kupisha, hata akajikuta nyuma ya jikoni kati ya masufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maombi ya kumzika baba yake mzazi akayasikia kupitia moshi. Iliposimuliwa mara ya kwanza Kaluki alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha alimtazama Jonah usoni, akaiweka hadithi ile akiba.

Ramani waliipata kwa muuza matumbo, aliyekuwa akifungia nyama kwa makaratasi ya ofisi fulani ya serikali iliyohama. Ilikuwa karatasi kubwa ya buluu, yenye mchoro wa kitu kirefu chenye vyumba mwanzo na mwisho. Jonah hakujua ni kitu gani, na hakujisumbua kujua. Alikata maandishi ya juu kwa wembe, akaandika kwa wino mwekundu: JUMBA LA SANAA. Damu ya matumbo pale pembeni ilikauka vizuri, ikaonekana kama muhuri.

Mteja wa kwanza alikuwa Kivuva.

"Huo mstari wa mbele uko na viti ngapi?" Kivuva aliuliza.

"Kumi na kimoja, mzee."

"Na katikati?"

"Katikati ni kimoja tu. Hata sisi tumejaribu kuongeza, imekataa."

Kivuva aliinuka, akaufunga mlango wa duka kwa ndani. "Nani mwingine anajua hii maneno?"

Kufikia saa sita mchana kiti cha katikati kilikuwa na mwenyewe, kimelipiwa taslimu, na Kaluki amekiandikia risiti kwa mwandiko wa kuonewa wivu.

Hersi alikuwa kazi nyingine. Aliitandaza ramani juu ya gunia, akaitazama muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hapa watu wanaingia mmoja mmoja?"

"Ndiyo, Bwana Hersi. Kwa utaratibu."

"Halafu hapa wanateremka."

"Ngazi za kisasa."

"Wanapita hapa kwa huu urefu wote, wanapanda upande ile, wanasimama kwa hii boma ndogo mpaka wakauke."

"Wana... wanapumzika. Baada ya burudani."

"Bwana Ndeti," Hersi akasema, akiikunja ramani taratibu, "mimi nimeogesha ng'ombe tangu nikiwa mdogo. Hii ni josho. Hapa ng'ombe anaruka ndani ya dawa, kupe wanakufa, anatokea huku."

Jonah alipima kwa macho umbali wa kutoka pale hadi mlangoni, na hakuupenda.

"Sasa niambie ukweli," Hersi akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Kivuva amenunua katikati?"

"Amenunua."

"Basi weka ukumbi ya pili. Kubwa kuliko ya Kivuva. Hiyo katikati ni yangu."

Hapa mimi ninayesimulia naomba nivue kofia kidogo. Nimewahi kuona watu wakidanganywa kwa kutojua. Huyu alijua, akasema kwa mdomo wake, kisha akatoa pesa mfukoni.

Kutoka siku hiyo jumba lilinenepa. Wenye bucha walitaka katikati. Wenye mabasi walitaka katikati. Wacheza kilumi walisema ngoma yao ya pepo haiwezi kupigwa ukumbi mmoja na Haleluya, watu wa kanisa nao wakasema hivyo hivyo kwa ukali zaidi, kwa hiyo Jonah akawatenganisha kwa ukumbi wa tatu na wa nne. Alipomaliza, jumba lilikuwa na kumbi saba, na hakuna hata mmoja uliokuwa na mstari wa pili. Hakuna aliyeuulizia.

Ila Mumbua. Mumbua alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alikuja na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake mlikuwa na pesa za mayai ambayo waimbaji wake walikuwa wameuza msimu mzima.

"Sisi hatutaki mbele, mwanangu," alisema. "Mbele ni ya wakubwa. Tunataka tu mabati juu. Mwaka jana Ndila alianguka kwa jua katikati ya wimbo, na wakubwa walikuwa wamekaa ndani ya hema wakipiga makofi. Utatuwekea mabati?"

"Nitaweka, mwaitu, mama yangu," Jonah akasema.

Alizipokea zile pesa. Nitasemaje? Alizipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, lakini alizipokea.

Kilichomuudhi ni kina mama wa mwethya, wale wanaosaidiana kazi kwa zamu. Walipopata habari za jumba hawakuleta pesa, walileta mawe. Kila asubuhi walipanda kutoka mtoni na madebe ya mchanga kichwani, wakamwaga uwanjani wakiimba. Rundo likakua kama nyumba. "Mawe nitayafanyia nini mimi?" Jonah alimlalamikia Kaluki. "Nitayabeba kwa basi?" Kaluki akasema awaache, yanaongeza imani.

Siku ya kuweka jiwe la msingi mpango ulikuwa mwepesi. Kaluki angesubiri stendi na mfuko wa pesa. Kwaya ikianza wimbo wa pili, Jonah angesingizia tumbo, apite shambani, na basi la Machakos liwapakie wote wawili. Uwanja ulijaa tangu asubuhi. Jonah alisimama pembeni na tai yake, akitoa maagizo kwa kidole.

Mara akamwona Kaluki akija mbele ya watu wote, na vijana wanne wakiwa wamembebea kochi. Halikuwa kochi la kukodi. Lilikuwa jipya, jekundu, na juu ya mgongo wake kitambaa cheupe kilichofumwa jina: JONAH. Wakalitua katikati kabisa ya mstari wa mbele.

"Wazee na kina mama," Kaluki akasema, "mkurugenzi wetu amewapangia wote viti, na yeye mwenyewe hajawahi kukaa. Hii ni halali?"

"Si halali!" watu wakaitikia.

"Kaluki, unafanya nini?" Jonah akamnong'oneza.

"Kaa kidogo tu. Ukikataa watashuku. Mimi naenda stendi, nitakungoja."

Basi lilipiga honi ya kwanza. Jonah akalitazama kochi. Akajiambia wimbo mmoja tu, akaketi. Kivuva akampa mkono kutoka kulia, Hersi kutoka kushoto. Lilikuwa laini, jamani. Lilikuwa laini kuliko alivyowahi kufikiri. Kwaya ikaimba wimbo wa kwanza, ikaingia wa pili, na tumbo lililopaswa kumuuma likawa zima kabisa.

Hapo ndipo diwani alipowasili kwa kuchelewa na kundi la wageni. Wazee wakaanza kuangaza macho kutafuta kiti. Jonah alijua macho hayo. Bila kuambiwa, miguu yake ikaanza kuinuka yenyewe, kama siku ile ya mazishi.

"Wewe kaa!" Mumbua akapaza sauti kutoka kwenye kwaya, akiukatiza wimbo. "Diwani atatafutiwa kiti. Huyu hasogei."

Watu wakapiga makofi. Jonah akarudi chini, na machozi yakamtoka hivi hivi, mtu mzima, mbele ya watu. Basi likapiga honi ya pili. Alilisikia likiondoka. Akajiambia Kaluki hawezi kupanda bila yeye.

Muuza ndizi wa stendi ndiye aliyeleta habari, sinia kichwani. "Yule mama wa nywele amepanda basi na mfuko wake. Amesema mkurugenzi astarehe, kiti amekilipia."

Walipomweka Jonah kitako mbele ya wazee, alisema yote. Hakuwa na nguvu ya kubuni tena. Kelele zilipanda. Wengine walitaka polisi.

"Mimi nilijua siku ya kwanza hiyo ni josho," Hersi akajigamba.

"Ulijua na ukanunua?" Kivuva akashangaa.

"Si wewe ulikuwa umenunua!"

Basi wazo la polisi likafa palepale. Kesi ingesikizwa Machakos, na nani angesimama kortini aseme alilipia kiti cha katikati ndani ya josho la ng'ombe? Ndipo Mumbua aliposimama.

"Mawe tunayo. Mchanga tunao. Ramani ya josho tunayo, na ng'ombe wetu wanakufa na kupe. Wazee watatoa simiti ili tusiwacheke. Na huyu mtaalamu wa mipango atachimba. Jela anakula bure. Hapa atakula akifanya kazi."

Jonah akachimba. Alichimba msimu mzima wa kiangazi, akibeba chepe alilolidharau, na jioni kina mama wa mwethya wakampa chakula kama mtu yeyote. Madereva waliopita walisema kuna mama Makindu amefungua duka barabarani, lina veranda, yeye hukaa mbele na nywele zake ndefu, na wapita njia humsalimia. Jonah alisikia, akapangusa jasho, akaendelea kuchimba. Iliuma, usidhani haikuuma.

Mwishoni mwa kazi Mumbua aliingia na kwaya yake kwenye lile shimo refu la simiti, kabla halijatiwa maji, wakajaribu wimbo. Sauti ikagonga kuta, ikarudi imenona. Jonah, aliyekuwa juu akipigilia mabati kwenye boma la kukaushia ng'ombe, alishusha nyundo akasikiliza. Tangu hapo kwaya ilifanyia mazoezi pale, bomani chini ya mabati, siku zisizo za ng'ombe. Ndila hakuanguka tena.

Siku ya ufunguzi Jonah aliagizwa kupanga makochi. Aliyaweka mbali kidogo na shimo.

"Hii ni nyuma," Kivuva akalalamika. "Tusogeze mbele."

"Mzee, hapo ni karibu mno. Fahali akiruka..."

"Wewe umetudanganya vya kutosha. Nasema mbele. Na katikati ni yangu."

"Katikati ni yangu mimi," akasema Hersi, aliyejua kila kitu kuhusu ng'ombe.

Wakasogeza hadi ukingoni, wakabanana wawili kwenye kochi jekundu, na wengine wote wakapanga makochi yao mstari mmoja nao. Jonah alisema mara ya pili, hakuna aliyemsikia. Ulikuwa ushauri wake wa kwanza wa kweli hapo Mbumbuni. Kwaya ikaimba. Fahali mkubwa wa Hersi akasukumwa hadi ukingo, akasita, akaruka.

Dawa ilipanda angani, ikashuka juu ya mstari wote wa mbele: suti, kofia, vitambaa vya kufumwa, diwani.

Huko nyuma, kando ya masufuria, Jonah alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, mkavu, na sahani ya muthokoi mapajani. Alikula hadi akaimaliza, na hakuna mtu aliyekuja kumwambia asogee.