Kufungwa kwa Dirisha la Saba

Saa kumi kasoro dakika tatu alasiri, kinyoya kilichopigwa kwa haki kilipinda hewani kikaanguka nje ya mstari. Tegeni masikio, enyi mliowahi kupambana na bawaba na makomeo, maana haya ni mambo mazito ya fainali ya kumi na moja ya ubingwa wa bara wa mpira wa vinyoya.

Seti ya tatu, kumi na tisa kwa kumi na tisa. Refa mkuu akatazama juu. Dirisha la saba lilikuwa wazi upana wa kiganja, na upepo ulikuwa ukiingia bila tiketi.

Chini yake alisimama Mama Funguo, mlinzi wa milango kumi na miwili, mshika funguo thelathini na nne asiyewahi kupoteza hata ufunguo mmoja. Kitabu cha historia ya mashindano alikuwa amekihifadhi kichwani. Mashindano ya tatu, ukurasa wa tisa: "Fainali iliahirishwa kwa sababu ya dirisha." Mtunza ukumbi siku ile alikuwa yeye. Miaka kumi na sita sentensi hiyo ilikuwa ikimtafuna.

"Dakika kumi, mama," refa akasema. "Zikipita naahirisha, na sababu nitaiandika."

"Huiandiki! Kalamu yako na ikauke wino! Leteni ngazi!"

Akaipanda kama jemadari apandaye ukuta wa ngome, funguo zikilia kiunoni mfano wa silaha za kikosi kizima. Watazamaji elfu mbili wakainua shingo. Kileleni akakuta msiba: komeo limekatika, limebaki tundu. Akalifunga dirisha, likafunguka. Akalifunga tena, likafunguka, upepo ukamvua kilemba, kikaenda kutua juu ya wavu.

"Shemeji!" Alikuwa Fundi Nyuzi, mdogo wa mumewe, kwenye meza ya kutengenezea raketi. "Umepanda kulifunga au kupunga upepo?"

"Badala ya kucheka, nirushie uzi!"

"Huu wa raketi? Unavumilia mvuto wa kilo kumi na mbili, shemeji, si wa kufungia mizigo!"

"Dirisha halina mizani! Rusha!"

Fundi akarusha, ukampita. Akarusha tena, Mama Funguo akaudaka kwa kidole gumba. Akaupitisha tunduni, akauzungusha kwenye nondo, akapiga fundo, juu ya fundo akapiga fundo, na la tatu akalikaza kwa meno.

Refa akarusha kinyoya juu. Kikashuka wima. Ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele, na wachezaji wenyewe wakagonga raketi zao kwa heshima.

Pointi mbili baadaye bingwa akapatikana. Mabingwa wa bara ni kumi na mmoja; mfunga dirisha ni mmoja tu.

Refa akafungua daftari la mashindano. Mama Funguo akasimama nyuma yake, kilemba mkononi, akifuata kila herufi: "Fainali ilimalizika. Dirisha la saba lilifungwa saa kumi na dakika sita."

"Tano," akasema Mama Funguo.

Refa akatazama saa yake, akafuta sita, akaandika tano.