Namba Tasa Kwenye Ngatu ya Shangazi

Jumatatu, 3 Juni
Ko! Sauti hiyo haijanitoka tangu asubuhi: nyundo yangu ikigonga gogo peke yake, wenzangu wote wameinua zao. Miaka minne ya hesabu chuoni Auckland, na siwezi kuponda magome ya ngatu, kitambaa chetu cha magome ya mti, kwa mpigo mmoja na wanawake wa kijijini kwetu Kolovai! Binamu Siutiti akauliza kama huko chuoni hawafundishi moja-mbili. Wakacheka mpaka gundi ikamwagika. Nikapewa kazi ya watoto: kuandika namba ukingoni mwa kitambaa, kipande cha kwanza hadi cha nane, ili siku ya kugawa wajue pa kukata.

Vizuri! Ngatu ni ya Shangazi Ungatea, ya harusi ya kaka. Nataka kurudi Auckland kusoma zaidi. Shangazi hataki, na baba hawezi kumpinga dada yake. Lakini Shangazi hajawahi kuona namba nzuri.

Jumanne, 4 Juni
Nimeandika. 7, 3, 9, 3, 9, 1, 3, 3. Milioni sabini na tatu na ushee! Tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kata kipande cha mwisho, inayobaki ni tasa. Kata kingine, tasa! Hivyo hivyo hadi saba peke yake. Hakuna namba kubwa zaidi yenye sifa hiyo. Shangazi atakata, ataona, atalia, ataniruhusu. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Wamekunjua ncha ya ngatu, inaanzia saba. Vipande sita vya mwanzo viko wapi? Ililala kwa Siutiti, basi wakasema Siutiti kawakatia wakwe zake! Nikawaacha wamlaumu. Utamu ulioje! Kisha akaanza kulia kweli. Nikasema ni mimi. Siutiti akafuta machozi, akasema kuna watu wamesoma mpaka wameisahau moja.

Jumamosi, 8 Juni
Harusi. Shangazi akaniita mbele ya watu: haya profesa, nikate wapi? Mwishoni, nikasema. Akakata kimoja, cha mchungaji. Nikanong'ona: bado tasa. Kingine: bado. Kufikia cha tano, bibi vizee walipaza sauti kabla yangu: bado! Ikabaki saba. Shangazi akakikunja kipande hicho, akasema hiki hapewi mtu.

Ameniruhusu: niende Auckland! Ila kwanza niandike ngatu ya kanisa, moja hadi ishirini na nne, kama binti mwenye akili. Nikichezacheza tena, sitoki kisiwani.

Jumatatu, 10 Juni
Siutiti ananiambia ya kanisa hukatwa kuanzia mwanzo. Mwanzo! Ipo namba ya kukatwa hivyo: ondoa tarakimu ya kwanza, inayobaki ni tasa, mpaka ya mwisho kabisa. Na iliyo kubwa kuliko zote za aina hiyo, zisizo na sifuri, ina tarakimu ishirini na nne. Kamili! Inaanza 3, 5, 7, 6, 8, 6. Watadhani vimepotea viwili tu.

Nimeziandika zote asubuhi hii. Rangi ya mikoko imeshakauka, na haifutiki.