Mgeni Hachagui Gunia

Bartholomew Musili, Mwalimu Mstaafu,
Ndithini, Machakos.
Jumatano, 12 Machi

Dkt. Winfred Ndinda,
Mkurugenzi wa Utafiti.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: WATAFITI WENU WATATU NA MAHINDI YANGU

Kosa ambalo watu wengi hufanya mgeni anapokuja kuona mavuno ni kumwacha achague mwenyewe. Mgeni halijui ghala. Hajui ni gunia lipi lilijazwa asubuhi na lipi lilijazwa jioni watu wakiwa wamechoka. Mwenye boma anayejiheshimu huingia kwanza, huchambua, hutoa punje zilizo safi, huzipepeta, kisha humpa mgeni kwenye ungo kwa mikono miwili. Ndivyo tulivyolelewa, mimi na mamako. Lakini mamako nitamwacha nje ya barua hii, kwa kuwa nakuandikia kama Mkurugenzi, si kama mpwa wangu niliyemfundisha kujumlisha kwa vizibo vya soda.

Kisa chenyewe ni kifupi. Msimu huu nimevuna magunia kumi na manane ya mahindi. Sita nimeyaahidi shule ya msingi ya hapa Ndithini, nilikofundisha miaka thelathini na minne, ili watoto wapikiwe isyo, yaani mahindi na maharagwe, saa saba mchana. Tangu Januari wanakunywa maji ya tangi na kurudi darasani. Mwalimu mkuu, Bi. Peris Mbithe, atatuma mkokoteni wa punda keshokutwa, Ijumaa. Alhamisi iliyopita walikuja watu wenu watatu, wakachota mahindi yangu kwenda kuyapima kama yana sumu ya kuvu, na wakaniomba punje isiliwe hadi watakapopiga simu. Simu haijalia. Nimekataa kungoja, na ninaomba wasirudi tena. Sababu zangu ni hizi, nazieleza polepole kama nilivyozoea.

1. Tafiti zenu ni nyingi mno.

Mwezi wa Januari ulinialika kwenye maonyesho ya chuo chenu mjini Machakos, nikapewa kijitabu chenye orodha ya tafiti mia mbili na kumi na moja. Nilikisoma chote, penseli mkononi. Nambari 9 anachunguza jinsi mchwa wanavyolala. Nambari 43 anatafuta ni njia ngapi za kukunja karatasi ikabaki bapa. Nambari 77 ni mwanahisabati anayeshughulikia maumbo yenye vipimo kumi na vinne, wakati sisi wengine tuna vitatu tu, urefu, upana na kimo, na hata hivyo mlango wa choo cha kanisa bado haujatoshea. Nambari 102 anaifundisha kompyuta kukisia neno ambalo Mkamba atasema baada ya lile alilokwisha kusema. Mke wangu Kalunde amenimalizia sentensi zangu kwa miaka arobaini na mitatu bila umeme. Nambari 120 ni mtaalamu wa hisabati ya foleni. Nilitaka sana kumsikiliza, lakini alichelewa. Nambari 138 inaitwa "Namna ya Kuchagua bila Kuchagua", na hiyo niliikata kwa penseli mara mbili.

2. Kila mmoja wao anajua kitu kimoja, na anakijua kupita kiasi.

Mmoja wa wale watatu, Ridwan, mtoto wa Gelle muuza ng'ombe wa Matuu, amesoma kuvu miaka mitano. Si kuvu zote. Moja. Nilimwuliza kuhusu fukusi wanaotoboa mahindi, akasema hao ni wa mtu mwingine, ghorofa ya tatu. Nilimwuliza kuhusu mbegu, akasema hiyo ni idara nyingine, karibu na lango. Babake anamjua ng'ombe mzima, kuanzia pembe hadi mkia, na hajawahi kuniambia kwamba kwato ziko ghorofa nyingine.

3. Rodgers.

Huyu ni wa kompyuta. Ameifundisha simu yake kutambua mahindi kwa kuyatazama. Aliielekeza kwenye ungo, ikafikiri, ikaandika kwamba ina uhakika wa asilimia tisini na moja kuwa haya ni mahindi. Kalunde akauliza zile tisa zilizobaki ni za nini. Rodgers akaeleza kwamba simu haiwezi kuwa na uhakika kamili. Kalunde akamwambia, "Basi mwanangu, niulize mimi. Mimi niko na zote mia." Kijana akacheka, akaandika jambo kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini, na sijapewa nakala.

4. Hapa ndipo ninapoumia.

Siku hiyo nilikaa ghalani tangu alfajiri nikiwatayarishia mahindi. Nilichambua punje moja moja. Ungo ule ungeweza kupelekwa madhabahuni siku ya mavuno. Nikampa kwa mikono miwili Mwendwa, yule binti wa hisabati, ambaye ndiye nambari 138 mwenyewe. Akanishukuru, akasema ni mahindi mazuri sana, akayaweka kando. Kisha akaomba nimwonyeshe ghala.

Magunia yangu nimeyaandika nambari kwa makaa, moja hadi kumi na nane. Mwendwa akabonyeza simu, ikamtolea nambari tatu: kumi na moja, nne, kumi na saba. Nikamwuliza amezipataje. Akasema hazina sababu yoyote, na kwamba huo ndio uzuri wake. Mheshimiwa, katika darasa langu mtoto aliyeleta jibu lisilo na sababu alirudi kukaa.

Gunia la kumi na moja lilikuwa chini kabisa, kwenye kona, miongoni mwa yale sita ya shule. Yale sita niliyatenga mimi mwenyewe, kwa kunyanyua pembe ya kila gunia nikapima uzito kwa mkono, kwa sababu mtu anayewaheshimu watoto hawapi gunia jepesi. La kumi na moja lilikuwa zito kuliko yote. Wakaondoa magunia manne ili walifikie. Wakalichoma chuma chenye tundu, juu, katikati na chini, vile wanunuzi wa mahindi wanavyomfanyia mtu wanayemshuku ameficha makapi.

Nilimwambia Mwendwa kwamba katika boma hili mgeni huchaguliwa mahindi, hachagui. Akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionichoma zaidi kuliko chuma kilivyolichoma gunia: "Mwalimu, ukinichagulia wewe, nitakuwa nimepima adabu yako. Na adabu yako sikuja kuipima, naiona." Kalunde anayarudia maneno hayo kila siku tangu Alhamisi, hasa wakati wa chai.

Ridwan, nadhani kwa kunihurumia, alichukua pia mahindi ya ungo, akayatia kwenye mfuko wa peke yake, akauandika "ya Mzee". Angalau yeye alilelewa kwenye nyumba inayopokea wageni.

5. Mnanifundisha ninachokijua.

Najua kwamba kuvu huua. Miaka ya nyuma nilisaidia kuchimba makaburi mawili katika boma moja ng'ambo ya mto, ndani ya wiki moja, na moja lilikuwa la mwanafunzi wangu wa darasa la tatu. Sihitaji kusimuliwa. Lakini watu wale walikuwa wameanika mahindi chini, kwenye udongo. Mimi huanika juu ya turubai. Mvua ile ya ghafla ya mwezi uliopita ilipotukuta uwanjani, nilifunika kwa mikono yangu na nikasimama palepale hadi ilipokatika. Kunipima mimi ni kuuliza kama naweza kuwalisha sumu watoto wa Ndithini. Swali hilo watu wenu hawakulitamka, lakini nililisikia vizuri.

6. Suluhisho.

Si desturi yangu kulalamika na kuishia hapo. Napendekeza tafiti zote mia mbili na kumi na moja zifutwe, na watafiti wote wapewe swali moja tu: mvua itanyesha lini Ndithini. Nimepiga hesabu. Ikiwa mtu mmoja angehitaji miaka arobaini kulijibu, watu mia mbili na kumi na mmoja watahitaji siku sitini na tisa, au themanini na moja tukiwaachia Jumapili zao. Wakianza kesho, mwanzoni mwa Juni tutakuwa na jibu, na wanaweza kurudi makwao kulima.

Hisabati ifungwe kabisa, kwa kuwa ilikwisha. Jedwali la kuzidisha nimelikagua mwenyewe kila mwaka wa kazi yangu na sikuona badiliko.

Na kama chuo kinashikilia kwamba kuchagua bila sababu ni elimu, basi kianzie nyumbani. Simu ya Mwendwa imchagulie chakula cha mchana. Ikifaulu, imchagulie mume, padre akishuhudia. Ikifaulu hapo pia, ichague Mkurugenzi mpya wa Utafiti miongoni mwa watu wote watakaokuwa wamesimama pale njiapanda ya Kyumbi siku ya Jumatatu saa nne, wauza mahindi ya kuchoma wakiwemo. Bahati ikimwangukia Kalunde, ambaye siku hiyo ana safari ya kupitia huko, ofisi yenu itakuwa na majibu yote kabla ya saa sita, kwa asilimia mia.

7. Msimamo wangu.

Nimetundika kibao langoni kilichoandikwa HAPA HAKUNA UTAFITI. Nimekiandika kwa rangi, si kwa chaki. Mahindi yataondoka Ijumaa asubuhi, simu ilie isilie. Watoto mia mbili na arobaini hawawezi kukaa na njaa wakingoja mtu wa kuvu moja.

Nifikishie salamu kwa mumeo Mutuku, kwa mamako ambaye hayumo katika barua hii, kwa askari wa lango lenu, ambaye siku ile ya maonyesho ndiye pekee aliyejibu nilichomwuliza, na kwa yule mtu wa foleni, atakapofika.

Mimi ninayekuheshimu kazini na kukupenda nyumbani,

Mwalimu Bartholomew Musili,
Mjomba wako.

Nyongeza. Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Nilikuwa sijafunga bahasha. Ridwan amepiga simu.

Mahindi ya ungo ni safi. Amesema hajapima mahindi safi kama hayo mwaka huu. Gunia la nne na la kumi na saba yanafaa kuliwa. La kumi na moja lina sumu iliyopita kiwango mara kumi na mbili. Nilimwomba arudie. Akarudia polepole, kama mtu anayemweleza mzee, na safari hii sikuchukia. Nikamwuliza inawezekanaje, gunia zito namna ile. Akasema, "Mzee, ule uzito ulikuwa maji."

Kwa hiyo niliwachagulia watoto gunia lile kwa sababu ya kitu kilekile kilicholiharibu. Mwendwa angepokea ungo wangu akaenda zake, leo ningekuwa na karatasi ya maabara yenye jina langu, ikisema mahindi ya Mwalimu Musili ni safi, na kesho saa saba watoto wangekaa chini wakala.

Nimempigia Bi. Peris. Mkokoteni hautakuja. Gunia la kumi na moja nimelitoa ghalani na kulifungia peke yake, kuku wasilifikie. Kibao nimekishusha. Kalunde amekitazama, amenitazama, na kwa mara ya kwanza sikuweza kumkisia. Kijitabu nimekifungua pale kwenye nambari 138 nikafuta penseli, ingawa nilikuwa nimekandamiza sana na alama bado inaonekana. Mambo yote kuanzia la kwanza hadi la saba naomba uyahesabu kuwa hayakuandikwa, isipokuwa lile la mtu wa foleni.

Bahasha sifungi tena. Kalunde atazipiga picha kurasa hizi akutumie kwa simu sasa hivi, kwa sababu posta itachukua wiki na shule inangoja. Magunia kumi na matano hayajapimwa, na matano kati ya hayo ni ya watoto. Macho yangu siyaamini tena, wala mkono wangu.

Naomba umtume Mwendwa leo, aje na kile chuma, achague mwenyewe.