Jani la Isale Lenye Macho

Leo nimeumbuka. Tena nikiwa nimepiga magoti, shati limenyooka kwa pasi.

Chanzo ni kinyonga. Wiki mbili zilizopita niliamua kufuga. Mbwa anabweka, paka ana dharau, nikaona kinyonga ndiye saizi yangu (mimi, mtaalamu wa wanyama, ambaye kuku wa jirani ananifukuza). Kwenye ua wa nyumba ninayopanga hapa Lemara walikuwepo wawili. Mmoja alinifokea kinywa wazi. Mwingine alitulia tu. Mtandaoni wanasema anayeanza achague mtulivu, basi nikamchukua mtulivu. Nikamwita Mstaarabu, nikamweka kibarazani kwenye mche wa isale ulio kwenye ndoo.

Jumapili nilitakiwa kumchukua Mama Neema kanisani. Huyu ni mama wa mchumba wangu, na posa ni Jumamosi hii. Nikasahau. Nilikuwa nakimbizana na panzi wa Mstaarabu. Mama wa watu akanyeshewa na kitenge chake cha ibada, akatangaza kwamba posa tusihangaike nayo.

Neema akanipa dawa: "Sisi Wachaga ukikosea unapeleka isale. Mama akiipokea kwa mkono, lazima asamehe."

Isale? Si ninayo kibarazani! Nikajiona nina akili.

Leo asubuhi nimeenda na kisu. Mstaarabu haonekani. Nikampongeza: "Kweli wewe ni kinyonga!" Nikakata kilele chote cha mche, majani yamesongamana vizuri, nikakifunga kwenye kanga mpya, nikaenda Njiro, kwa kina Neema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." (Ile marahaba yenye kufuli.)

Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa, nikafungua kanga na kunyoosha isale kwa mikono miwili. Nikaomba msamaha kwa maneno niliyoyafanyia mazoezi njia nzima. Mama akapokea. Nikajua machozi yanamlengalenga.

"Baba," akasema taratibu, "hili jani linaniangalia."

Nikadhani ni fumbo la wakubwa. "Ndiyo mama, limeiona toba yangu."

(Toba! Mdomo huu utaniua.)

"Nimesema linaniangalia! Kwa jicho moja. La pili linakuangalia wewe."

Nikainua kichwa. Mstaarabu alikuwa katikati ya majani, kijani kibichi, ameshaanza safari kuelekea mkono wa mama mkwe. Hana haraka, wala hajali posa ya mtu.

"Yesu wangu!"

Mama huyu kushuka kwenye gari anashikwa mkono. Leo alikuwa juu ya kochi kabla sijasimama! Mstaarabu yuko begani, amekuwa mweusi kwa hasira, amefungua kinywa anafoka. Mtulivu wangu huyo. Nikambandua kidole kimoja kimoja, Neema, aliyenifungulia mlango, amekaa chini anacheka hadi hana sauti.

"Umetumwa na nani?" mama akauliza.

"Sijatumwa, mama. Ninamfuga."

"Unamfuga. Mama yako anajua?"

Hapo Neema akapata sauti, akaona anisaidie: "Mama, ndiyo maana Jumapili hakuja. Alikuwa anamtafutia panzi."

Ahsante, Neema.

Mama akanitazama. Akamtazama Mstaarabu. Mwishowe akashuka, akaketi, akaliweka lile jani mapajani.

"Nimeshalipokea kwa mkono wangu, siwezi kulirudisha. La Jumapili nimekusamehe. Hili la leo, kalete isale nyingine."

Nilipofika mlangoni akaniita.

"Na uikung'ute kwanza!"

Sasa nipo Lemara. Kwenye ndoo kimebaki kijiti, na juu ya kijiti kuna Mstaarabu, ametulia kama kawaida yake. Posa ni Jumamosi. Mwenye isale nyumbani kwake aniokoe, na asiye nayo acheke kimya kimya.