Picha Nne za Baba Anayefua

Jumatatu, 3 Juni

Kibonge amekula kalamu ya rangi nyekundu. Sasa hivi tu, nilipogeuka kuzima jiko. Nimemtoa vipande kwa kidole, akanichekea na vijino vyake vyekundu. Basi mke kwenye picha zangu atakuwa na uso wa kijani. Sijui kama itaeleweka.

Picha ni za kliniki. Nesi alituambia akina mama, anayejua kuchora alete katuni kuhusu usawa wa kazi za nyumbani, maana ukutani pana picha ya mbu peke yake. Shule niliiachia njiani, lakini kuchora najua. Na nina langu jambo. Jumamosi darasa la ushonaji linaanza. Nataka kwenda, Baba Kibonge abaki na mtoto, afue na nepi. Nikimwambia kwa mdomo atasema tutaona. Tutaona yake naijua. Alhamisi anatusindikiza kliniki. Ataona ukutani, atajirudi mwenyewe, nami sijasema neno.

Jumanne, 4 Juni

Nimemaliza. Ya kwanza, mke anafua, anapika, mtoto mgongoni. Mume kakaa, miguu juu ya stuli. Ya pili, mke yuko kitandani, hoi. Ya tatu, mume anafua nepi. Ya nne, wote wanacheka, mke ana cherehani. Maneno sikuweka. Mwandiko wangu unanitia aibu.

Mama Pacha wa chumba cha pili kachungulia, akauliza kwa nini nimemchora mume wake. Nikasema si yeye. Akasema basi hicho kitambi kimetoka wapi.

Jumatano, 5 Juni

Nimebandika juu ya benchi la foleni. Nilianzia mlangoni kwa nesi, gundi ilikuwa huko, nikaishia mlango wa kuingilia. Zimependeza. Nimesimama kuzitazama mpaka Kibonge akalala.

Alhamisi, 6 Juni

Sielewi. Baba Kibonge alikaa benchini, akasogea kila foleni iliposogea, akitazama picha moja moja. Alipofika kwa nesi alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Nyumbani kanishika mkono. Kasema kumbe. Kasema alishanunua sabuni, alitaka Jumamosi afue nepi anishtukize, ila sasa hathubutu. Nikauliza kwa nini. Akasema ameona mwenyewe: watu wana furaha yao, mume kafua, mke kaumwa mpaka kawa kijani, mume alipoacha kufua akainuka, akaendelea na kazi zake. Akasema ananipenda mno, hawezi kunifanyia hivyo.

Nimefua. Yeye alikaa karibu kunipa moyo.

Ijumaa, 7 Juni

Nesi kaniita. Akina mama wanamuuliza nepi zikifuliwa na mwanamume zinaleta ugonjwa gani. Mmoja kamnyang'anya mumewe beseni.

Nikakaa benchini nione. Loo. Foleni inaanzia mlango wa kuingilia. Picha zinaanzia kwa nesi.

Ningezibandua zingechanika. Nikapata akili: nikawaomba akina mama waanze kupanga foleni kwa nesi, wasogee kuelekea nje. Walinisikiliza. Aliyewahi alfajiri akajikuta wa mwisho. Nesi kaniambia taratibu kwamba leo nikapumzike nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni

Mama Pacha kapita na mkoba, anakwenda ushonaji. Nikamuuliza pacha kamwachia nani. Kasema baba yao. Nikauliza alimwonyesha picha gani. Akasema picha ya nini, alimwambia tu, shika watoto, nakwenda. Maskini, hajui kazi ya sanaa.

Baba Kibonge naye kaniuliza kama nina pahali pa kwenda leo. Kasema hana kazi, anaweza kukaa na mtoto, nepi tu ndizo zinazomtisha. Nikamwambia tutaona. Nisiharibu mpango.

Maana nimeshaanza picha ya tano. Mume kabaki na mtoto, mke anakwenda darasani. Ni moja tu, hakuna wa kuisoma kinyumenyume. Baba Kibonge akiiona ukutani ataelewa bila mimi kufungua mdomo. Uso wa mke nitaupaka kijani tena, watu wameshamzoea, ila sasa awe anatabasamu, na mkononi ashike

Baba Kibonge ananiita. Anauliza mtoto akila kalamu ya kijani anatolewa kwa kidole gani, nami nimemjibu nakuja, ngoja kwanza nimalizie hili la picha.